Mtambo Uliojibu Bila Kuuliza

Wapendwa, hospitali moja ya misheni huko milimani, ambako intaneti huja kwa kuviziwa, ilikuwa na fundi wake wa kompyuta. Mtu mzima, mpole, ana kitambi kidogo cha heshima. Basi akafunga mtambo wa katikati, mafundi wanauita proksi. Ukurasa ukishafunguliwa mara moja, mtambo unaweka nakala. Mwingine akiutaka, anapewa ile ile, papo hapo. Hospitali nzima ikamshangilia. Na yeye, jamani, alivimba kichwa!

Siku moja mama aliyetoka kujifungua akatokwa na damu nyingi. Muuguzi mkuu akaagiza damu mjini, akafungua ukurasa wa benki ya damu kufuatilia. Ukurasa ukasema: “Bado haijapatikana.” Saa nzima, bado. Saa ya pili, bado. Akapiga simu benki ya damu.

“Damu yenu iko tayari tangu saa mbili asubuhi,” akajibiwa. “Mbona hamji?”

Gari likatimka, damu ikafika, yule mama akapona, Mungu ni mwema. Lakini fundi aliposikia, alikimbilia mtambo wake. Muuguzi akamfuata ofisini.

“Mwanangu, mtambo wako una adabu, unajibu upesi. Ila hauendi kuuliza.”

“Kosa langu, mama. Sikuuambia kwamba kurasa nyingine hubadilika kila saa.”

Akakaa palepale akaandika amri mpya. Vitabu vya dawa, weka nakala. Ukurasa wa damu, majibu ya maabara, usiweke. Kila ukiulizwa, nenda kaulize upya. Akashusha pumzi.

Muuguzi, kwa kumliwaza tu, akasema, “Na mama yako nyumbani, hajambo?”

“Hajambo kabisa.”

“Umeongea naye lini?”

Fundi akahesabu nyuma. Pasaka. Na huo ulikuwa mwezi wa tisa. Miezi yote hiyo watu wanamuuliza, naye anajibu papo hapo: hajambo!

Akampigia mama yake simu, akamwamkia.

“Ni wewe, baba? Nimekujua kwa sauti, maana jina kwenye simu silioni tena. Macho yamezima tangu mwezi wa sita. Sikutaka kukusumbua, najua una kazi nyingi.”

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnaucheka mtambo. Na sisi je? Mkeo anaendeleaje? Mzima. Nani kakwambia? Na yule jirani mnayechangia naye ukuta? Mzima. Lini ulimsikia akisema hivyo kwa kinywa chake? Tunawapenda, sikatai, tunawapenda sana. Lakini tunawajibia kwa habari za Pasaka.

Haya, tukitoka hapa nitasimama pale mlangoni kama kawaida, nitawashika mkono, nitawauliza habari za nyumbani. Leo naomba mtu asinijibu. Nenda kwanza kaulize.