Mtambo Uliojijibu Wenyewe

Mwangwi si jibu. Mlilisikia neno hilo jana kwenye kikao cha darasa lenu, mmoja akalitoa na wote mkanyamaza, na leo mmekuja kwangu kuuliza lilitoka wapi. Vizuri. Kaeni, na simu hizo ziwekeni mfukoni, maana mimi sizungumzi na mtu anayeinamia mapaja yake. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa chuoni, katika maabara ya mitandao, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Siku hizo somo la mitandao ya mawasiliano lilikuwa jipya kwetu. Tulianza na mawasiliano ya waya, tukaja kwenye yale yasiyo na waya, na mwishoni wanafunzi wawili wawili walitakiwa kujenga kitu kinachounganisha yote mawili, kisha wakionyeshe kwa watahini. Ambakisye na Subilaga walijitwisha kazi ngumu kuliko sisi wote. Walitaka kuunganisha chuo na zahanati ya ng'ambo ya bonde, ambako simu hazikushika. Kutoka maabara walipitisha waya wa mkongo hadi mnara mdogo kilimani nyuma ya mabweni, ili kutoka hapo mawimbi yavuke bonde mpaka zahanati. Ambakisye alikuwa hodari wa kusema, Subilaga hodari wa mikono. Mnara ule aliupanda yeye, na sisi wengine tukimtazama kutoka chini huku tumeshika roho.

Siku ya mtihani Subilaga alikwenda zahanati alfajiri, Ambakisye akabaki maabara pamoja nasi tuliongoja zamu zetu. Sheria ilijulikana: kila mmoja awe mahali pake na kazi yake ionekane, na asiyeonekana anarudia mwaka. Baba yake Subilaga alikwisha kuitangazia Tukuyu nzima kwamba binti yake anamaliza. Kurudia mwaka kungekuwa msiba nyumbani kwao.

Watahini waliingia na mvua ikipiga bati. Mkubwa wao alikuwa Dakta Kasyupa kutoka chuo kingine, mzee mkavu kama mhogo ulioanikwa, asiyependa maneno mengi. Ambakisye alieleza mpango wao. Kila neno atakaloandika likifika zahanati, mtambo wa kule utalirudisha kama lilivyo, liwe ushahidi kwamba limefika. Kisha Subilaga atajibu kwa maneno yake mwenyewe.

Akaandika, "Karibuni watahini." Papo hapo kiooni yakarudi, "Karibuni watahini," bila hata herufi moja kupotea. Tukapiga makofi.

Tukamngoja Subilaga ajibu. Kimya. Ambakisye akaandika tena, maneno yakarudi tena, na baada ya hapo kimya. Akashika kipaza sauti akamwita kwa jina. Sauti yake ikamrudia, ya Subilaga haikusikika.

"Njia ni nzima," alisema huku akijifuta jasho. "Mnaona wenyewe, maneno yanarudi yote. Mwenzangu ndiye hayupo kwenye kiti chake."

"Ndiyo kawaida yake?" mtahini mmoja aliuliza.

Ambakisye aligeukia kioo. "Kwa kweli," akasema, "kazi kubwa nimeifanya mimi."

Iliniuma, nasema kweli. Yule mtahini akavuta kalamu yake ili aandike kwamba Subilaga amefeli.

"Ngoja," alisema Dakta Kasyupa. "Muulize jambo ambalo wewe hulijui."

"Jambo gani, Dakta?"

"Lolote. Muulize kama mvua inanyesha huko."

Ambakisye akaandika, "Mvua inanyesha huko?" Likarudi swali lile lile pamoja na alama yake ya kuuliza, basi.

Mzee akainuka. Akazunguka nyuma ya mtambo wetu wa maabara, akachomoa waya wa kwenda mnarani na kuuinua juu tuuone sote.

"Andika tena."

"Lakini Dakta, si umekata njia?"

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Na maneno yakarudi upesi vile vile: "Mvua inanyesha huko?"



"Waya ninao mimi," mzee alisema. "Sasa huyo anayekujibu ni nani?"

Ambakisye akapiga magoti nyuma ya mtambo. Kwenye tundu la majaribio kulikuwa na kitanzi, kile kipande kifupi cha waya tunachochomeka ili mtambo ujisikie wenyewe unapopimwa. Kikiwa hapo, neno halitoki nje. Linageuka na kumrudia aliyelituma. Angeweza kusema kimeachwa na fundi wa maabara, au na Subilaga, na nani angebisha? Akakichomoa, akasimama nacho mkononi.

"Nilikichomeka mimi jana, nikasahau kukitoa," alisema. "Na niliyosema juu ya mwenzangu si kweli. Kazi hii ni yetu sote."

Waya ukarudishwa mahali pake. Kabla Ambakisye hajagusa kipaza sauti, tukasikia sauti ya Subilaga: "Ambakisye, unanisikia? Hapa zahanati. Ambakisye, unanisikia?" Alisema bila hasira, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo asubuhi nzima.

"Mjibu," alisema Dakta Kasyupa.

"Nakusikia, dada." Kisha, kwa kuwa mzee alikuwa bado anamkazia macho, akauliza, "Mvua inanyesha huko?"

"Mvua? Mvua gani? Huku jua linawaka mpaka nimeanika koti. Nyie mlikuwa wapi?"

Akamweleza yote, hata alivyomsema mbele ya watu.

"Kwa hiyo muda wote ulikuwa unajisikia mwenyewe," Subilaga alisema.

"Ndiyo."

"Na ukaridhika."

"Nikaridhika."

"Basi mwangwi si jibu, Ambakisye. Nilikuwa nakuita."

Subilaga alifaulu vizuri. Ambakisye alipunguziwa alama, hakulalamika. Neno lile likatoka maabara likaenda mabwenini, likaenda jikoni kwa wapishi, hata aliyelisema kwanza akasahaulika. Na msidhani watu walimsimanga Ambakisye kwa kusahau kitanzi, kwa maana hakuna fundi ambaye hajawahi kukisahau. Kilichomchoma mwenyewe, aliniambia baadaye, ni kwamba alipokuwa anamhukumu mwenzake, mwenzake alikuwa anamwita.

Nyinyi mmepewa mitandao ya kasi kuliko yetu, na maneno yanawarudia kabla hamjapepesa jicho. Mkiuliza watu jambo, kisha mkasikia yale yale mliyoyasema yakirudi matamu, acheni makofi kwanza. Huenda yupo mtu ng'ambo anaita tangu asubuhi. Mwangwi si jibu.