Sultani Simba Aliyesafiri kwa Povu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na meli zao na majigambo yao, Sultani Simba alikitamani kisiwa cha akina Nguchiro.

"Kina kivuli kizuri," akasema. "Nguchiro wote wahame!"

"Wahamie wapi, Mtukufu?" akauliza Nguchiro, mnyama mdogo aliyekuwa rubani wa meli ya Sultani. Mkewe na wanawe walikuwa huko huko kisiwani.

"Baharini. Kwani si kubwa?"

Nguchiro akawakumbuka wanawe. Moyo ulimuuma, lakini akainama. "Naam, Mtukufu."

Asubuhi meli ikang'oa nanga, upepo ukivuma kutoka nyuma, fyuu! Nahodha alikuwa Kiboko, aliyepewa cheo kwa ukubwa wa tumbo lake. Bahari hakuijua hata kidogo. Tena kwa Simba kulikuwa na desturi: mkubwa hageuzi shingo kutazama alikotoka. Kutazama nyuma ni kazi ya wadogo.

Mchana, nchi kavu ilipokwisha kupotea machoni, upepo ukapungua. Chini ya meli mkondo wa bahari ulikuwa ukirudi walikotoka, tena kwa nguvu.

Kiboko akakuna kichwa. "Rubani, tutie nanga tungoje upepo?"

Nguchiro akaona mwanya. "Nanga! Sultani mzima asimame kama punda aliyechoka? Hebu tazameni povu hapo mbele!"

Wakatazama. Kweli, tanga lilikuwa limetuna, na maji yalipasuka mbele ya meli, chwaa! chwaa!

"Lo! Tunakwenda!" Simba akapaza sauti.

"Tunapaa, Mtukufu!" akaitikia Kiboko.

"Pigeni ngoma!"

Ngoma zikalia, ndi! ndi! Kiboko akavishwa nishani ya mwendo kasi papo hapo. Upepo ukawasukuma mbele kidogo, mkondo ukawarudisha nyuma zaidi, na wakubwa wote wakashangilia povu. Nguchiro peke yake ndiye aliyetazama nyuma, akacheka kimoyomoyo.

Jua lilipopoa, kwaa! Meli ikapanda mwamba kinyumenyume, ikapasuka vipande.

"Tumefika! Vamieni!" Simba akaruka akinguruma, na yeye akinguruma hufumba macho. Akavunja mlango wa nyumba ya kwanza, akapindua vyungu, akararua mapazia.

"Wewe mzee, una wazimu?"

Mwiko ukamshukia puani, pwa! Alikuwa Bi Simba, mkewe. Mlango ulikuwa wake, na uji uliomwagika ulikuwa wa wanawe.

"Rubani yuko wapi?" akafoka Simba.

"Niko huku!" akajibu Nguchiro kutoka juu ya paa. "Mtukufu, upepo ulikupeleka, mkondo ukakurudisha. Wewe ulikuwa ukisikiliza ngoma tu!"

Akatoweka, fyatu! Upepo uliporudi, akatweka tanga la mtumbwi wake, akaenda zake kwa mkewe. Simba hakuwa tena na meli ya kumfuata.

Basi watoto wangu, anayesifiwa mwendo na atazame kwanza nchi kavu iko wapi.