Nani Ampe Jina Mtoto wa Zawena?

Nitegeeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Kusimulia ni kazi yangu, kuhukumu ni kazi yenu.

Palikuwa na mama mmoja Muheza, Bi Semeni, mjane aliyelea watoto wanne. Watatu walibaki karibu naye. Wa nne, Zawena, kitinda mimba, aliolewa ng'ambo na fundi wa meli aitwaye Idrisa, aliyeonana naye bandarini Tanga.

Wale watatu, kila mmoja alijaliwa chake. Mhina, mkubwa wao, mwalimu wa shule ya msingi, alijaliwa jicho: yale maandishi madogo ambayo wengine huyaruka, yeye huyasoma hadi nukta ya mwisho. Sefu, dereva wa bodaboda, alijaliwa mkono: mkono usiojua kufumba, wa mtu anayegawa hata tonge lililokaribia mdomo. Chiku alijaliwa ulimi. Alifanya kazi hoteli ya watalii kule Pangani, akaziokota lugha za wageni kama kuku aokotavyo punje, na Kifaransa akakikamata kuliko zote.

Lakini mja hakosi kasoro. Mhina alikuwa mzito wa kuinuka. Sefu alikuwa na pupa. Na Chiku, mwenye maneno yote yale, alikuwa hasemi na Zawena. Waligombana siku ya harusi kwa neno ambalo sasa hata wenyewe hawakulikumbuka vizuri, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Basi Zawena akapata mimba, na mimba ikamwendea vibaya. Akampigia mama yake simu.

"Mama, njoo. Naogopa."

Bi Semeni hakuuliza mara mbili. Sefu akakimbia huku na huku, akarudi anahema.

"Mama, mambo mepesi! Watu wa kwetu hawadaiwi viza kule. Wanaingia kama watalii."

"Mtalii? Mimi?" Bi Semeni akacheka. "Mtalii huenda kutazama milima. Mie naenda kutazama mwanangu."

"Nikukatie na tiketi ya kurudi?"

"Ya nini? Najua atajifungua lini? Mtu hamwendei mgonjwa keshapanga siku ya kumwacha."

Sefu akakata tiketi ya kwenda tu, tena ile ya bei ya chini isiyorudishwa. Bi Semeni alimwomba Mhina amsomee masharti ya safari. "Nitasoma, mama," Mhina akajibu, "nimalize kusahihisha mitihani." Chiku angeweza kumpigia Zawena akamuuliza wageni huingiaje huko. Simu alikuwa nayo mkononi. Hakupiga.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam, binti wa kaunta akaipokea pasipoti, akatazama kompyuta yake.

"Mama, viza huhitaji. Tiketi yako ya kuondoka kule iko wapi?"

"Mwanangu, sijafika, wewe waniuliza kuondoka?"

"Ndiyo sharti lao, mama. Anayeingia bila viza lazima aonyeshe kwamba atatoka. Nikikupandisha hivi hivi, watakurudisha kwa ndege hiyo hiyo. Samahani sana."

Bi Semeni alisihi, akaeleza habari ya mimba, akaonyesha hata picha ya Zawena. Yule binti machozi yalimlenga, lakini begi hakulipokea. Ndege ikaruka. Na kule ng'ambo Zawena, na tumbo lake, alisimama penye mlango wa wageni hadi abiria wa mwisho akatoka na mlango ukafungwa.

Bi Semeni aliporudi Muheza hakumlaumu mtu. Alikaa barazani na begi lake pembeni, halikufunguliwa. Hilo liliwachoma watoto wake kuliko matusi.

Ndipo wakainuka.

Mhina aliyasoma masharti yote, ukurasa kwa ukurasa, asile wala asinywe. Ndege za kurudi zilikuwa zimejaa kwa msimu wa likizo, na wengine walishakata tamaa. Akainua kichwa. "Sikilizeni. Sharti halisemi tiketi ya kurudi nyumbani. Linasema tiketi ya kutoka nchini mwao. Kuna meli ya abiria inakwenda nchi ya jirani yao, na huko nako hatudaiwi viza. Tiketi ya meli inatosha, na siku ya safari inabadilishwa." Bila jicho la Mhina, mlango huo usingeonekana.

Lakini mlango kuonekana si kupita. Tiketi ya kwanza ilikuwa imekufa, na nyumbani hapakuwa na kitu. Sefu akatoka na pikipiki yake, akarudi kwa miguu. Mkewe akashika kichwa. "Baba Hamisa, watoto watakula nini?" Sefu akasema, "Watakula nitakachobeba kwa mabega. Dada yangu ananingoja." Ikapatikana tiketi ya ndege, na ya meli pia. Bila mkono wa Sefu, jicho la Mhina lingebaki kutazama tu.

Bi Semeni akasafiri. Akafika, na dawati la uhamiaji likamkamata. Afisa aliigeuza tiketi ya meli, akauliza maswali kwa Kifaransa, Bi Semeni akawa anatikisa kichwa tu. Bibi mzima, hajui lugha, ni mtalii gani huyu? Akamweka kando, pamoja na wa kurudishwa. Bi Semeni akampigia Chiku, akamnyooshea afisa simu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Afisa akasita, akaipokea. Chiku akasema naye muda mrefu. Mwishoni yule afisa akairudisha simu, akagonga muhuri.

"Ulimwambia nini?" Bi Semeni alimuuliza baadaye.

"Nilimweleza habari ya Zawena, na ile meli. Halafu nikamuuliza kama yeye mama yake yu hai."

Bila ulimi wa Chiku, tiketi zote mbili zingekuwa karatasi.

Zawena alikuwa hospitali. Alishajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Yeye mwenyewe damu ilimtoka nyingi, na madaktari walikuwa wanasema kwa sauti za chini. Bi Semeni akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, hauna joto.

"Umechelewa, mama," Zawena akasema. Hakusema kwa lawama.

"Nimechelewa, mwanangu."

"Siku ile nilisimama mpaka wakafunga mlango."

Bi Semeni akamvutia shuka hadi mabegani.

"Nani kakufikisha?"

"Ndugu zako."

Zawena akafumba macho, akatabasamu kidogo, kisha akamtazama mumewe, aliyesimama miguuni pa kitanda. "Aliyemfikisha mama kwangu ndiye ampe mtoto jina. Mtu mmoja, jina moja. Sitaki kumwachia mwanangu ugomvi."

Walipata alasiri ile tu. Alfajiri Zawena hakuamka.

Msiba ukapita. Bi Semeni akabaki kumlea mjukuu, lakini mgeni asiye na viza ana siku zake, na siku zake zilikuwa zikiisha. Idrisa akamwambia, "Mama, neno la marehemu siwezi kulivuka. Kabla hujaondoka, niambie jina, nikamwandikishe."

Bi Semeni akapiga simu Muheza. Alidhani watoto wake watasukumiana heshima. Kumbe kila mmoja aliililia.

Mhina akasema, "Mama, niachie mimi. Aitwe Zawena. Uliniomba nisome, nikasema nitasoma. Ningesoma siku ile, mngekaa pamoja wiki nzima. Angalau jina lake nilisome kila siku."

Sefu akasema, "Mimi ndiye niliyekata tiketi ile mbovu, na mimi ndiye niliyeuza kilichotulisha ili nikate nyingine. Sidai kitu, mama. Naomba hili tu. Aitwe Faraja."

Chiku alikuwa wa mwisho.

"Niliweza kusema na afisa nisiyemjua," akasema, "nikashindwa kusema na mdogo wangu. Hakuna neno nitakalomwambia tena, ila hilo moja nitakalomwita mwanawe. Aitwe Radhia."

Bi Semeni akaiweka simu chini. Akamchukua mjukuu, akampakata. Alijua kwamba ukimtoa yeyote kati ya watatu wale, asingemkuta mwanawe hai. Alijua pia kwamba mmojawapo tu angeamka mapema kidogo, wangekaa siku nyingi kuliko alasiri moja. Na yeye mwenyewe, aliyeikataa tiketi ya kurudi, angemlaumu nani? Idrisa alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa viatu, anangoja.

Haya, nyinyi mliokaa kusikiliza. Mwenye jicho, mwenye mkono, mwenye ulimi, na mtoto ni mmoja. Mngekuwa nyinyi mmempakata, mngemgeukia Idrisa mkamtajia jina la nani?