Msubiri Dirisha

Msubiri dirisha hulikosa ziwa. Mmemsikia Bi Emerita akimwambia Onesmo hivyo, kwa kuwa Onesmo hataki kwenda kuposa mpaka apate gari lake mwenyewe. Mmecheka, mkauliza posa na ziwa vinahusiana nini. Mna haki ya kuuliza. Hii si methali ya mababu. Imezaliwa hapahapa Kihesa, mikononi mwa watu niliowajua, na mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na fundi seremala aitwaye Tarsisi Mhanga, mtengenezaji wa madirisha. Milango aliikubali shingo upande, na vitanda aliwaachia wengine, lakini ukimtajia dirisha alikuwa keshachomeka penseli sikioni kabla hujamaliza kusema. Hata leo, ukipita Kihesa na Mtwivila siku ya upepo ukaona dirisha ambalo halilii wala halitikisiki, jua ni lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliamini kwamba hakuna kazi nzuri iliyowahi kuharibiwa na kusubiri, na kwa upande wa mbao alikuwa sahihi, maana mninga mbichi ukiuharakisha hujikunja ukakuaibisha mbele ya mteja.

Mkewe aliitwa Gaudensia, mwanamke mcheshi, mwenye kucheka mpaka akashika ukuta. Jikoni kwake ilitundikwa kalenda ya misheni ambayo tarehe zake ziliacha kuwa na faida miaka mingi nyuma. Hakuitoa kwa sababu ya picha. Ilikuwa picha ya ziwa moja huko Italia, maji yametulia, nyumba za rangi ya ndizi mbivu zimeshuka mpaka ukingoni, na nyuma yake milima yenye weupe kileleni. Gaudensia alikoroga uji huku macho yake yako kule. Siku nyingine uji ulishika chini, na Tarsisi aliunywa hivyohivyo bila kulalamika.

Sasa, binti yao Ditrika alisomea uuguzi, akapata kazi Milano. Baada ya miaka michache alipiga simu akasema atawatumia tiketi wazazi wake waje wamwone. Akaongeza kwamba ziwa la kwenye kalenda linaitwa Como, na kwamba kutoka anapokaa ni mwendo wa treni usiomaliza hata hamu ya kuzungumza. Tatizo likawa pa kulala. Yeye mwenyewe aliishi chumba kimoja na wauguzi wawili. Lakini katika mji mdogo kando ya ziwa lile kulikuwa na hosteli ya bei ya chini, na siku zake za mapumziko angekuja kukaa nao huko.

Basi ikawa kila Jumapili baada ya misa wazee wale wawili wanakaa mezani na daftari, simu imeegemezwa kwenye kikombe, Ditrika anaongea kutoka huko aliko. Aliwaeleza hosteli ni nini. Ni nyumba ya wasafiri wasio na fedha za kutupa: watu hulala hata wanane chumba kimoja, vitanda vimepandana, shuka unakodi, jiko ni la wote, na kila mtu anaosha sufuria yake. Tarsisi alikunja uso. Gaudensia alifurahi kama binti aliyeitwa shule ya bweni. Aliuliza kama huko jikoni kuna mwiko. Ditrika aliposema hana hakika, mama yake akaandika kwenye daftari: mwiko, na chini yake: unga kilo mbili. Tena akasema iwapo vitanda vimepandana yeye atalala juu, maana Tarsisi hupiga teke usingizini.

Mipango ile ilikuwa safari yenyewe kwake. Akiwa anachambua mboga angesema ghafla kwamba sasa hivi ameshuka ngazi za hosteli, amejitupia kanga begani, amebandika chai, na wakati maji yanachemka ametoka nje kulisalimia ziwa. Tarsisi alimuuliza ziwa limeitikiaje. Gaudensia akajibu kwamba limeitika kamwene, kwa Kihehe safi. Walicheka wote wawili, na mboga zikasahaulika.

Ditrika akapata chumba. Kilikuwa chumba kidogo cha vitanda viwili, ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi. Kisafi, bei nafuu, na mwezi Mei wote kilikuwa wazi. Lakini hakikuwa na dirisha. Kwenye hosteli ileile, ghorofa ya juu, kulikuwa na chumba kingine cha watu wawili chenye dirisha kubwa linalotazama ziwa. Hicho kilikuwa kimeshachukuliwa na watu wengine.

Tarsisi akakataa papo hapo. Alisema hajafungua kuta za nusu ya Iringa ili uzeeni akalale stoo. Alisema mtu hatoki Kihesa mpaka Ulaya, kwa ajili ya ziwa, akalale chumba kisichoona ziwa. Ditrika alimwambia kwamba chumbani ni pa kulala tu. Baba yake akasema watasubiri chumba cha dirisha, mwezi wa tisa.

Hapo ndipo ningetaka msimlaumu mapema. Gaudensia alikuwa na presha ya macho. Daktari alikwisha mwambia, na matone alikuwa akitia asubuhi na jioni, lakini ugonjwa ulikuwa umegunduliwa umechelewa. Jioni ile, simu ilipokatwa, alimwambia mumewe bila kuzunguka.

“Baba Ditrika, siku hizi naona katikati tu. Pembeni kote pamefungwa.”

“Ndiyo maana nataka dirisha,” alisema Tarsisi. “Ukae kitandani, ulione ziwa lote bila kuhangaika.”

Alisema kweli tupu. Alimpenda mke wake, na njia aliyoijua ya kumpenda mtu ni kumpa dirisha zuri. Gaudensia alimtazama kwa ile katikati iliyobaki, akasema, “Haya.”

Mwezi wa tisa chumba cha juu kilikuwa na wageni. Kuanzia Novemba hosteli hufungwa kwa ajili ya baridi mpaka Machi. Mwaka uliofuata, Mei, walipata nafasi ya juu kwa siku mbili tu, na Tarsisi akaona siku mbili ni dharau. Chumba cha chini kilikuwa wazi karibu kila Ditrika alipotazama. Wakati huo Tarsisi alikuwa amemwomba binti yake picha ya lile dirisha la juu, akaibandika karakanani, na alikuwa akiwaonyesha wateja wake bawaba zake. Aliweza kukwambia idadi ya vioo na namna fremu ilivyoungwa, kana kwamba amelichonga mwenyewe.

Nyumbani mambo yalibadilika polepole, namna ambayo mtu anayeishi humo hayaoni. Gaudensia alianza kugusa mwimo wa mlango kabla ya kupita. Mboga zikatiwa chumvi mara mbili. Hadithi za kulisalimia ziwa zikapungua, na akiulizwa aliitikia kwamba leo ziwa lina ukungu. Siku moja Tarsisi aliingia jikoni akamkuta amesimama, uso ameuelekeza ukutani. Akamuuliza mumewe kama ile kalenda bado ipo. Alikuwa amesimama mbele ya hiyo kalenda, pua yake karibu iguse karatasi.

Tarsisi alitoka nje akakaa juu ya rundo la mbao. Kisha akampigia Ditrika simu akamwambia watakuja kulala popote, hata sakafuni. Kumbe wiki ileile watu walikuwa wameacha chumba cha juu, na kilikuwa wazi siku kumi, mwezi Juni. Kile alichokisubiri miaka miwili kikaja kwa simu moja, na hakikumpa furaha hata kidogo.

Walifika saa sita mchana. Ditrika alibeba mizigo, Tarsisi akamshika mkewe mkono kwenye ngazi, akimhesabia hatua. Chumba kilikuwa vilevile kama pichani. Akamkalisha Gaudensia kitandani, akaenda dirishani, akafungua komeo, akasukuma mbao za nje. Mwanga ukaingia ukajaa chumba chote. Gaudensia aliona huo mwanga. Ndicho alichobakiwa nacho, weupe wa mchana na giza la usiku, basi. Aliuinulia uso.

“Nieleze,” alisema.

Tarsisi akakohoa. “Ni mti mgumu. Mkongwe, labda wa miaka mia, lakini haujapinda. Bawaba ni za chuma, zimepakwa mafuta. Vioo sita kila upande. Fremu wameiunga kwa ulimi, hakuna hata msumari. Fundi huyu alikuwa…”

“Baba Ditrika,” alisema Gaudensia taratibu. “Sikukuuliza dirisha.”

Ditrika alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi, naye ndiye aliyetusimulia hayo baadaye. Anasema baba yake alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kizingiti cha dirisha, macho bado kwenye fremu. Ni kweli alikuwa hajatazama nje bado. Maisha yake yote alikuwa akiyatazama madirisha, na akishayakamilisha aliwaachia wengine waone kilicho ng’ambo.

Akatazama. Akajaribu. Alisema maji ni ya kijani, halafu akasema hapana, bluu, halafu akasema yanabadilika kadiri anavyoyatazama. Alisema kuna mashua nyeupe inakwenda pole kiasi kwamba hajui kama inakwenda. Kuna milima imesimama ndani ya maji kichwa chini. Machozi yalimtoka mzee yule mbele ya binti yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipomzika mama yake.

Gaudensia akasema wampeleke chini, kwa maana maji hayahitaji macho.

Wakashuka. Ngazi za hosteli zilimalizikia kwenye ukumbi mdogo, na nyuma yake kulikuwa na chumba mlango wazi, vitanda viwili, hakina dirisha. Tarsisi akakitambua. Mkabala na mlango wake kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea nje, na kutoka hapo ngazi fupi ya vidaraja vinne vya mawe iliyoingia moja kwa moja majini. Wasichana wawili walikuwa wanarudi chumbani mle miguu peku, nywele zinachuruzika maji. Waliwasalimia wazee kwa Kiitalia, wakapita wakicheka. Sakafu ilibaki na nyayo zao zilizolowa, kutoka ziwani mpaka kitandani.

Tarsisi alisimama akizitazama zile nyayo. Alielewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba aliyelala chumba kile angeshinda siku nzima ziwani, kwa kuwa ndani hamkuwa na kitu cha kumzuia. Mkewe angeamka, akatoka na kanga yake, akahesabu vidaraja vinne, akafika. Angefika Mei ya mwaka wa kwanza, akiwa na ile katikati yake ya kuonea, na ziwa lote lingetosha humo.

Akamkalisha kwenye kidaraja cha mwisho, akamvua viatu. Maji yalikuwa baridi, Gaudensia akapiga kelele ndogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani, na kwa kuwa ukuta haukuwepo alimshika mumewe.

“Nisamehe,” Tarsisi alisema. “Lilikuwa hapa siku zote.”

“Najua,” alisema Gaudensia. “Sisi tulikuwa tunasubiri dirisha.”

Hakusema zaidi, wala hakuwahi kumrudishia neno hilo. Siku zote kumi walikaa pale vidarajani, yeye miguu majini, Tarsisi akimweleza. Siku ya kwanza maneno yalikuwa ya kuokoteza. Kufikia siku ya kumi, anasema Ditrika, wapita njia wasiojua lugha walikuwa wakisimama kumsikiliza.

Walirudi Kihesa. Gaudensia aliishi miaka mingine tisa, akiwa kipofu na bado mcheshi. Tarsisi akaendelea na kazi yake. Ila watu waliona jambo moja: kabla ya kumkabidhi mteja dirisha, alilifungua, akasimama akatazama nje kwanza, hata kama ng’ambo palikuwa na jalala la jirani.

Siku moja kijana mmoja alikuja karakanani kuagiza madirisha manane. Alikuwa amemaliza kuezeka nyumba. Alisema mama yake ni mgonjwa, yuko kijijini peke yake, naye anataka kumleta akae naye mjini, ila hawezi kumleta kwenye nyumba yenye matundu ukutani. Atamleta madirisha yakikamilika. Mninga ulikuwa bado haujakauka, na yule kijana alisema hana haraka, kazi nzuri haitaki papara.

Tarsisi akaweka randa chini. Akamuuliza mama huyo ana umri gani. Akamuuliza anaumwa nini. Kisha akamwambia akanunue shuka nane leo hii, atamsaidia mwenyewe kuzipigilia misumari kwenye matundu, na kesho alfajiri aende akamlete mama yake. Kijana akasema atasubiri, haoni ubaya wa kusubiri.

“Mimi niliuona,” alisema fundi. “Msubiri dirisha hulikosa ziwa.”