Chapa ya Punje Tatu za Ulezi

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni kiwanda cha mhunzi mlimani. Upande mmoja kina ukuta wa udongo, upande mwingine ki wazi. Katikati kuna moto wa makaa, na kando ya moto amesimama mama mmoja, ameshika chapa ya chuma. Mbele yake wapo watu watatu, na kila mmoja anaitazama ile chapa kama mtoto anavyoitazama firigisi ya mwisho sahanini. Mmewaona? Basi fumbueni macho, niwaeleze walifikaje hapo.

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi, nguzo za umeme zilipokuwa zimekwisha kupanda milima ya Upare, palikuwa na nyumba ya wahunzi. Walifua majembe, miundu na visu. Kila kisu kilichotoka pale kiligongwa chapa kingali chekundu: punje tatu za ulezi, karibu na mpini. Wachinjaji walizipapasa punje zile kwa kidole gumba kabla ya kukichukua kisu. Wakizikuta, hawakuuliza tena.

Desturi ya wahunzi wale ilikuwa hii: moto mmoja, chapa moja, mshikaji mmoja. Mwenye chapa ndiye mwenye kiwanda. Wengine watafua, watavukuta moto, watanoa, lakini kazi yao itaitwa kwa jina lake. Mhunzi akifa, chapa hukaa kwa mjane wake mpaka amwone anayestahili. Basi mzee wa nyumba ile alipofariki, mkewe, Mama Mbonea, aliifunga chapa kwenye pindo la kanga yake. Akienda kisimani, anayo. Akilala, anayo.

Nyumbani mle walikuwamo watatu. Mbonea, mwana wa kwanza, mwenye mabega mapana, ndiye aliyefua. Nakiete, mdogo wake wa kike, aliyekuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha katani kule bondeni kabla ya kurudi nyumbani, ndiye aliyetunza mashine. Na Mkunde, mke wa Mbonea, aliyeolewa kutoka Usambara, binti wa mtu anayechonga miguu ya viti na vinu, ndiye aliyenoa. Walikula chungu kimoja. Lakini wivu, wanangu, haupungui kwa kula pamoja. Mama akimsifu mmoja, wawili waliacha kutafuna.

Walikuwa na mashine ya kunolea, yenye mkanda wa msasa unaozunguka kwa nguvu za mota. Mota hiyo ilijua jambo moja tu: kukimbia. Ukiiwasha, inakimbia. Ukitaka itembee, inakimbia. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye taabu. Makali ya kisu yakisuguliwa kwa kasi sana, yanapata moto, na yakipata moto yanageuka buluu. Yakishageuka buluu, ule ugumu wake umekwenda. Kisu cha namna hiyo kikikutana na mfupa, hulala kama jani la mgomba.

Siku moja Bwana Kibacha, muuza nyama wa gulioni, alikuja akakitupa kisu mezani.

"Mama Mbonea, hiki ni kisu au mwiko? Punje za marehemu nimeziona. Makali sijayaona."

Mama Mbonea alishika pindo la kanga yake kama mtu aliyetukaniwa mumewe kaburini. Bwana Kibacha alipoondoka, akawaita watatu.

"Zimeni hiyo mashine," alisema. "Atakayeifanya itembee panapotakiwa kutembea, na ikimbie panapotakiwa kukimbia, huyo nitamfungulia pindo hili."

Mbonea akasikia. Nakiete akasikia. Mkunde akasikia. Kila mmoja akawatazama wenzake wawili, na tangu hapo hapakuwa na kicheko cha bure nyumbani mle.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Mbonea. Alishuka mpaka bondeni, kwenye kinu cha kusaga mahindi kilichofungwa, ambako mota za zamani zililala vumbini. Aliona moja kubwa kama ndama. Akasema, "Hii itaing'oa mashine pamoja na meza yake." Akaipita. Aliona nyingine yenye matundu mbavuni. Akasema, "Hii itakula vumbi la chuma mpaka ife." Akaipita. Kisha akaona ya tatu, ya nguvu za farasi wawili, imefunikwa pande zote, ina feni yake mgongoni. Akaizungusha mhimili kwa vidole, akasikiliza: haikukwaruza. Ilikuwa mota ya fezi tatu, na mwenye kinu akamwambia kwamba mota za namna hiyo ndizo zinazokubali kuongezwa na kupunguzwa mwendo. Mbonea akajitwika begani, akaupanda nayo mlima. Alipofika, shati lilikuwa limegandia begani kwa damu.

Lakini umeme wa kijijini ulikuwa wa fezi moja.

Mnataka kujua fezi ni nini? Fikirini bembea. Umeme wa fezi moja ni kama mtu mmoja anayekusukuma. Umeme wa fezi tatu ni kama watu watatu wanaokusukuma kwa zamu: wa kwanza akirudisha mkono, wa pili ameshafika, na wa tatu yuko nyuma yake. Mota ya Mbonea ilitaka watu watatu. Kijiji kilikuwa na mmoja.

Nakiete akainama, akaitazama ile mota, akaangua kicheko. "Kaka! Umeleta dume la ng'ombe kwenye banda la kuku!"

Majirani wakacheka. Watoto wakaimba habari za dume na banda njia nzima ya kisimani. Mbonea akaifunika mota kwa gunia, na kwa majuma mengi akawa anafua bila kuinua macho.

Wa pili kuondoka alikuwa Nakiete. Alikwenda mjini na cherehani yake, akarudi bila cherehani. Mkononi alikuwa na kisanduku cha kijivu chenye kitufe cha kuzungusha. Alilivuta gunia, akaunga waya huu hapa na ule pale, akawasha.

Mota ikaamka.

Kisanduku kile kilipokea umeme wa fezi moja kikatoa umeme wa fezi tatu. Tena ukizungusha kitufe kushoto, mota inatembea. Ukikizungusha kulia, inakimbia. Majirani waliocheka sasa wakapiga makofi. Bwana Kibacha alikuja kujionea, akakichezea kitufe kama mtoto aliyepewa redio.

"Kisanduku! Kisanduku!" alisema. "Nakiete, wewe ndiye uliyerithi kichwa cha marehemu!"

Hakuna aliyesema, "Mota! Mota!" Mbonea alisimama nyuma ya mlango akiwa na bega lenye kovu, akamsikia mdogo wake akiitwa kichwa cha baba yao. Usiku ule alikataa chakula. Mkewe akamwuliza, "Unaumwa?" Akajibu, "Sijambo," kwa sauti ya mtu asiye mzima hata kidogo.

Mota ikafungwa mashineni, zikapita siku za kazi ndogondogo. Kisha Bwana Kibacha akaagiza visu vya kuchinjia, vingi, kwa ajili ya Idi Kubwa. "Nitajaribu kwanza kimoja kisicho na chapa," alisema. "Kikishinda mfupa, vingine vyote vigongwe punje. Kikilala, sitapanda mlima huu tena."

Basi Mkunde akaketi mashineni asubuhi. Makali yanatakiwa kunolewa polepole, kwa hiyo akazungusha kitufe kushoto kabisa. Mkanda ukatembea. Kisu kikabaki cheupe. Hapakuwa na buluu. Akanoa, akanoa, jua likapanda. Lakini feni ya mota, wanangu, hushikana na mota yenyewe. Mota ikitembea, feni nayo inatembea, na feni inayotembea haipoozi kitu. Mota ikaanza kupata joto. Mbonea, aliyekuwa akivukuta karibu, aliweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi, akarudi kuvukuta. Harufu ya nyaya zinazotaka kuungua ikajaa kiwandani.

Mkunde akazima mashine. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na gurudumu la mbao, dogo kuliko lile lililokuwa limefungwa kwenye mhimili wa mota, linalouzungusha mkanda. Alifungua la zamani, akafunga lake, akawasha tena. Sasa akazungusha kitufe kulia. Mota ikakimbia, feni ikavuma, lakini mkanda ukatembea polepole vilevile. Mmewahi kumwona mtoto akiongozana na baba yake? Baba anatembea, mtoto anakimbia, na wote wawili wanafika pamoja. Gurudumu dogo ndilo hatua za mtoto.

Mota ikapoa. Kisu kikakamilika. Bwana Kibacha akakipiga kwenye mfupa wa paja la ng'ombe, akakitazama juani, akakipiga tena. Makali hayakulala.

"Gongeni punje," alisema. "Mimi nasubiri."

Mama Mbonea akamwamuru Mbonea aweke kisu kipya motoni, cha kwanza kugongwa chapa tangu mumewe afe. Kisha, mbele ya wote, akalifungua pindo.

"Semeni," alisema.

Mbonea akasema: "Mama, kisanduku bila mota ni kibweta cha kuwekea tumbaku. Mimi nilipita mota mbaya, nikachagua nzuri, nikaipandisha kwa bega hili. Tena mimi ni mwana wako wa kwanza. Chapa ni yangu."

Nakiete akasema: "Mama, mota yake ilikuwa jiwe chini ya gunia. Kuku walikuwa wakilala juu yake! Nani aliyeiamsha? Nilitoa cherehani yangu, kitu pekee nilichokuja nacho kutoka kiwandani. Chapa ni yangu."

Mkunde akapiga goti kwanza, kisha akasema: "Mama, mimi si wa tumbo lako. Lakini mota na kisanduku vingekuwa majivu leo kama si gurudumu langu. Na mota hainoi, wala kisanduku hakinoi. Mikono hii ndiyo inayonoa. Ni miaka mingapi inanoa visu vinavyoitwa kwa majina ya wengine? Chapa ni yangu."

"Wifi, hebu shuka," alisema Nakiete. "Gurudumu la mchonga vinu ndilo likupe kiwanda cha baba yangu?"

"Nishuke kutoka wapi, wifi? Wewe ndiye uliye juu." Mkunde akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, siku ile alipocheka habari za dume na kuku, nilimwona. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kibao cha mota, anakisoma. Mwulize alijua lini."

Mama Mbonea akamtazama binti yake. "Ulijua lini?"

Nakiete akasema, "Siku ileile. Kule kwenye katani visanduku hivi vilikuwa vingi. Nilijua mota ni nzima. Nilitaka... nilitaka wamcheke kwanza." Akamnyoshea kaka yake kidole. "Lakini na yeye aulizwe! Mgongo wa mota umejaa vumbi la chuma, na juu ya vumbi kuna alama za kiganja, mpya juu ya kuukuu. Kiganja kipana. Ni cha nani kingine hapa?"

"Mbonea, ulijua lini?"

"Tangu juma la kwanza," alisema Mbonea. "Kila jioni niliipima joto. Nilisema moyoni, ikiungua, watu watasema kisanduku cha Nakiete ndicho kilichoiua."

"Mota uliyoibeba kwa damu?"

Mbonea akalipapasa bega lenye kovu.

Mkunde alikuwa bado amepiga goti. Mama Mbonea akamsogelea, akaushika mkono wake ulioshika gurudumu la akiba, pacha wa lile lililofungwa mashineni. Akalichukua, akalinusa, akalipitishia kidole. Kidole kikatoka cheusi.

"Mbao hii imekula moshi," alisema polepole. "Imekaa darini, juu ya mafiga yangu, katikati ya mahindi ya mbegu. Mbao ya jana haina rangi hii. Na wewe, mwanangu, ulijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza ya kunoa kwa mota hii," alisema Mkunde. "Upepo wa feni ulikuwa ukinipiga kifundoni. Nilipopunguza mwendo, upepo ukafa. Nikachonga magurudumu, nikayaficha. Ningeyatoa siku hiyo, wangesema ni kazi ya Nakiete. Nikangoja siku ambayo hakuna ambaye angeweza kusema hivyo."

Bwana Kibacha akasogea karibu na fuawe.

Mama Mbonea akakitoa kisu motoni kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe. Kilikuwa chekundu kama ua la mkakaya. Akaiweka chapa juu yake, nyundo mkono wa kulia. Lakini nyundo hiyo ilikuwa ipigwe na mshikaji mpya wa chapa, si yeye. Akainyosha nyundo mbele. Mikono mitatu ikainuka.

Basi, wanangu, mimi naishia hapo, ninyi endeleeni. Mmoja alichagua mota, akaiacha iungue. Mmoja aliiamsha mota, baada ya kuiacha ilale. Mmoja aliiokoa mota, na wokovu wake aliuficha darini. Je, nani alistahili nyundo?

Bishaneni mpendavyo, hata na wa nyumbani kwenu. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kisu kiko juu ya fuawe, nacho kinapoa, na chuma kilichopoa hakipokei chapa ya mtu yeyote.