Nyumba Tatu za Kemilembe

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii nikishaianza siirudii. Wala si ya kuwachekesha. Mwishoni nina swali, na mtu asije akasema hakuonywa.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Byabato alijaliwa ulimi. Lugha ikimpitia masikioni kwa muda mfupi tu, anaisema, na akiisema hata mwenye lugha yake hugeuka kumtazama. Mwavita, mwanamke wa Uvira kule Kongo, alijaliwa macho. Hakuna kilichopita mtaani asikione, na alichokiona hakukisahau. Wa tatu ni Helga, mwalimu, mwenyeji wa nchi moja ya baridi ng'ambo, na kipaji chake ni adimu kuliko hivyo viwili. Helga aliweza kusema "nimekosea" mbele za watu. Cheka wewe, lakini hebu wahesabu walimu uliowahi kuwasikia wakisema hivyo.

Watatu hawa tuwaweke pembeni kwanza, tumchukue mama.

Kokuhirwa alitoka Kagera, kwenye migomba, akamfuata mumewe Muganyizi aliyepata kazi ya kuhudumia wazee ugenini, katika nchi hiyo ya baridi. Walikwenda na binti yao wa pekee, Kemilembe, wa miaka saba, ambaye nyumbani waliitana naye Kemi. Kila aliyewaaga alisema jambo moja tu: mtoto atasoma. Kwa ajili ya neno hilo Kokuhirwa alifunga kibanda chake cha vitenge, na akamwacha mama yake mgonjwa mikononi mwa dada zake.

Asubuhi ya kwanza ya shule alimkalisha binti yake kitandani, akamvalisha viatu vizito vya baridi, akampa wosia ambao naye alipewa na mama yake.

"Mwalimu ni mzazi," alimwambia. "Ukimkuta, piga magoti umwamkie. Usimkazie macho. Usiseme mpaka uulizwe. Na ukiona mkubwa amekasirika, nyamaza mpaka hasira imtoke."

"Hata kwenye barafu, mama?"

"Adabu haina baridi."

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Kokuhirwa aliijua methali hiyo vizuri, ila hakudhani kwamba inahusu adabu. Adabu, kwake, ilikuwa kitu kinachoeleweka popote penye watu. Na Kemi alikuwa mtoto msikivu, hilo ndilo balaa lenyewe.

Kwao binti akipiga magoti kumwamkia mkubwa, mkubwa humwitikia, humwambia inuka mwanangu, na siku inaendelea. Kule hakuna aliyejua kumwinua. Langoni mwa shule walimwaga changarawe juu ya barafu ili watu wasiteleze, na kila asubuhi Kemi alipiga magoti juu ya changarawe ile mbele ya mwalimu wa zamu, akangoja. Mwalimu wa zamu alimsalimu na kugeukia watoto wengine, akidhani huyu anafunga kamba za viatu. Magoti yakachubuka, yakavimba, yakawa meusi. Kokuhirwa aliyaona wakati wa kumwogesha, akayapaka mafuta. Alidhani mtoto ameteleza, maana kule kila mtu huteleza, na yeye mwenyewe alikuwa na michubuko yake. Hakuuliza. Na Kemi, kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

Aliyeuliza ni Helga. Siku moja ya michezo aliyaona magoti, akamchukua Kemi pembeni. Kufikia hapo mtoto alikwisha kuielewa lugha ya shule, watoto hawachelewi.

"Nani amekufundisha kupiga magoti?"

"Mama."

"Na usipopiga magoti, nyumbani wanakufanya nini?"

Helga alikuwa na wasiwasi, na sauti ya wasiwasi na sauti ya hasira ni ndugu wa tumbo moja. Kemi alisikia hasira. Akainamisha macho, akanyamaza. Helga akauliza tena, sauti imepanda kidogo, na Kemi akazidi kunyamaza. Mtoto wa watu alikuwa akitoa adabu yote aliyokuwa nayo, na mwalimu akaona hofu. Sheria ya kule inamtaka mwalimu aliyeona hofu ya namna ile atoe taarifa bila kuchelewa. Akatoa.

Ofisi ya serikali inayolinda watoto ikatuma watu wawili nyumbani. Kokuhirwa aliwadhania wageni wa heri, akawawekea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama inavyompasa mtu wa Kagera. Mmoja wao akawa anatafuta kikombe. Yule mwingine akamuuliza Muganyizi kama amewahi kumpiga mwanawe. Hapo mtu mjanja angesema hapana, maana kule kumchapa mtoto ni kosa la sheria. Muganyizi hakuwa mjanja. Alisema ndiyo, mara moja, kwa kijiti, siku Kemi alipochezea jiko akakaribia kujiunguza, na mama yake alikuwapo. Aliyasema kwa fahari kidogo, apate kuonekana baba anayejali. Wageni walishukuru wakaondoka, na kahawa haikuguswa.

Kesho yake Kokuhirwa alikwenda kumchukua Kemi shuleni. Watoto walitoka, wakaisha. Mlango ukafungwa. Alisimama langoni mpaka mwanamke mmoja akatoka kumweleza, kwa maneno ya polepole na ishara nyingi, kwamba Kemi amepelekwa kwenye familia nyingine, mahali salama. Neno hilo "salama" ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alirudi nyumbani akaketi sakafuni, akalia hadi sauti ikamkauka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sisi wengine tunahadithia tu.

Kabla ya kesi ya kuamua kama Kemi atarudishwa nyumbani, walimruhusu Kokuhirwa amwone mtoto, katika chumba chenye midoli, mtu wa ofisi akiwa amekaa kwenye kona. Kemi aliingia na nywele zimetimka, maana huko alikokuwa hakuna aliyejua kuzisuka. Kokuhirwa akangoja. Mtoto hakupiga magoti. Alimtazama mama yake machoni, akamnyooshea mkono, akasema habari za mchana kwa lugha ya kule. Kokuhirwa akaushika ule mkono, asijue aufanye nini.

"Wameniambia nisipige magoti tena," Kemi alisema, sasa kwa Kiswahili na kwa sauti ndogo. "Nilikosea, mama?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona nimefukuzwa nyumbani?"

Mtu wa ofisi akaangalia saa yake. Kokuhirwa akaanza kuzitenganisha nywele zile kwa vidole, mpaka muda ukaisha.

Haya, sasa tuwaite wale watatu.

Byabato ni mdogo wake Muganyizi, baba mdogo wa Kemi, aliyeitangulia familia hii ugenini na kuishi mji wa mbali. Alikuwa mkalimani wa serikali. Mkalimani wa serikali huvusha maneno ya wengine na haruhusiwi kuwasemea watu wake. Byabato alilijua hilo, na bado alisimama mbele ya jaji. "Kwetu kupiga magoti si adhabu," alisema. "Mtoto anasema nimekuona na ninakuheshimu, na wewe unamwambia inuka. Yeye alitimiza upande wake. Ninyi mlimwacha chini." Aliyasema kwa lugha safi hata jaji akaiweka kalamu mezani. Kabla ya mwezi kwisha, Byabato hakuwa na kazi.

Mwavita alikaa ghorofa ya juu ya Kokuhirwa, na watoto wake wanne walisoma shule ileile. Alisema: "Magoti yale yaliumia pale langoni, kwenye mawe. Niliona na macho yangu, kila asubuhi. Siku moja nilimwinua mimi. Nilidhani mama yake anajua, kwa hiyo sikusema, na hilo ni kosa langu." Akawatajia rangi ya soksi na mwalimu aliyekuwa zamu. Mwavita alikuwa mkimbizi, na hofu yake kubwa ilikuwa ofisi ile ile ya watoto. Alijua kwamba akishatoa jina lake pale, watamfahamu. Na kweli walimfahamu, wakaanza kubisha hodi kwake pia, wakiwauliza wanawe kama mama anawapiga.

Helga aliomba kusema mwisho. "Nimekosea," alisema. "Niliona mtoto amepiga magoti, nikaona fimbo nyuma yake, na magotini hapakuwa na fimbo. Alikuwa ananisalimu. Hata mimi nilimpita pale langoni." Akaifuta taarifa yake, ingawa mkuu wa shule alimsihi asiiaibishe shule. Tangu siku hiyo katika chumba cha walimu anakunywa chai peke yake.

Jaji alisikiliza wote, na mwezi ulipopita akawaita tena, akasema kweli ambayo ndiyo mzigo wa hadithi hii. Bila Byabato, alisema, asingeelewa maana ya kupiga magoti. Bila Mwavita, asingejua jeraha limetoka wapi. Bila Helga, taarifa ingebaki vilevile. Angekosekana mmoja wao, Kemi angekulia kwa watu asiowajua.

Kokuhirwa alikwisha kuanza kuvaa koti, akidhani wanakwenda kumchukua mtoto.

"Keti, mama," alisema jaji kupitia mkalimani. "Baba alimpiga, na mama aliona akanyamaza. Hilo halikufutwa na mtu. Nyumbani kwenu hatarudi mpaka awe mkubwa wa kujisemea. Lakini hawa watatu wote wameomba kumlea, na wote nimewakubali. Mtaje mmoja. Ukishindwa kutaja, atabaki alipo."

Wakapewa muda kidogo wa kutoka nje. Ukumbini Kokuhirwa aliegemea ukuta. Byabato akamjia wa kwanza.

"Shemeji, mtoto ni wa ukoo. Kwangu atakula ndizi, atakisema Kihaya, atajua yeye ni nani. Ni kweli niko mbali, itabidi aanze shule upya. Na kazi sina. Lakini kazi nimeipoteza kwa ajili yake."

Mwavita akaja. "Mama Kemi, kwangu ni ngazi tu. Utasikia miguu yake juu ya kichwa chako, utamwona akienda shule na wenzake. Mimi na woga wangu unaujua. Wale watu wanakuja kwangu sasa, na wakinikuta na kosa, watamchukua yeye pamoja na wangu. Sikufichi."

Helga akaja wa mwisho, na Byabato, mshindani wake, ndiye aliyelazimika kumfasiria. "Kwangu hakuna atakayebisha hodi," alisema. "Atasoma, na shuleni hatakuwa mgeni tena. Kiswahili sikijui. Kihaya sikijui. Nitajaribu nywele. Mimi nilimtoa kwako, na sijui kama hiyo ni sababu ya kuninyima au ni sababu ya kunipa."

Kokuhirwa akamgeukia mumewe. "Sema basi, baba Kemi."

"Mimi nilishasema ya kutosha," alijibu Muganyizi, macho chini. "Taja wewe."

Moyoni Kokuhirwa alimchukia, kisha akamhurumia, kisha akakosa nafasi ya vyote viwili kwa sababu mlango ulifunguliwa, wakaitwa ndani. Alitembea mpaka mbele ya meza. Alimfikiria Byabato, akaona mtoto aliyekua akijua kwao lakini yuko mbali na kwao. Alimfikiria Mwavita, akasikia hodi mlangoni. Alimfikiria Helga, akamwona Kemi ana miaka kumi na tano, anazungumza vizuri, anacheka na wenzake, na anahitaji mkalimani ili aongee na mama yake. Walikuja kwa sababu mtoto atasoma. Kwa Helga atasoma.

Jaji akachukua kalamu. Kokuhirwa akafungua mdomo.

Na mimi nafunga wangu, maana zaidi ya hapo sijapewa. Naona mmeanza kunong'ona. Kuna anayesema damu nzito kuliko maji, na kuna anayemjibu kuwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Yule pale anasema aliyevunja ndiye atengeneze. Mwingine ataka kuniambia mtoto arudi kwa mama yake. Huyo namwambia mapema: jina hilo limeshakataliwa, tafuta jingine. Na msigombane nani alifanya zaidi, jaji keshawaambia kwamba hakuna.

Haya, mko mbele ya meza. Wewe ungemtaja nani? Na Kemi akishakua, akaja akakuuliza kwa nini ulimtaja huyo, utamjibu nini?