Unga wa Kusahau

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana wengine humu mmelala macho wazi.

Hapo kale zimwi moja lilivaa kanzu, likaficha mkia, likawa mheshimiwa wa mji. Vijana liliwapa unga wa kunusa. Shee, mjukuu wa Bi Mashavu, akanusa, akasahau njaa. Akanusa tena, akasahau jina la bibi yake. Akanusa mara ya tatu, akasahau kupumua.

Matangani zimwi likaja na gunia. "Pole, bibi. Nimeleta unga."

"Unga upi, baba? Huu wa ugali, au ule?"

Watu wakainamisha vichwa. Bi Mashavu akasonga ugali, akachanganya na ule unga uliokutwa mfukoni mwa marehemu, akamwekea mgeni.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Kula."

"Nina safari."

"Kula! Mbona watoto wetu wanakula?"

Zimwi likameza tonge, likasahau kuficha mkia. Ukachomoza, ukajinyoosha mkekani.

"Kumbe zimwi!" majirani wakapiga kelele.

Bi Mashavu akawasonya. "Kumbe nini? Mkia huu mmeuruka miaka yote, msije mkamuumiza mheshimiwa."

Akaukanyaga yeye, kwa kisigino.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikikuchoma, ni yako.